Kitambaa Cheupe cha Pazia

Ndiyo, nafuma sweta Garissa. Nalisema mwanzoni ili wenye kucheka wacheke sasa, tumalize. Najua jua letu lilivyo. Najua kwamba saa sita mchana mbuzi wote wa mtaa hujipanga kwenye ule ukanda mwembamba wa kivuli chini ya ukuta, na kwamba uzi wa sufu ukikaa mkononi nusu saa hulowa jasho, ukaanza kunuka kama kondoo aliyenyeshewa. Nimeambiwa na majirani, na binamu, na mwenye duka la simu, na dereva wa tuktuk ambaye sikumuuliza kitu. "Unamfumia nani? Ngamia?" Hilo la ngamia nimelisikia hadi nalijibu kabla halijaisha: ngamia sweta yake anayo, alizaliwa nayo.

Na hao wanaocheka ndio hao wanaokuja. Katika mji huu mtoto mchanga hatolewi nje bila kofia ya sufu, hata kama lami inayeyuka. Sijui sheria hiyo iliandikwa wapi, lakini sijaona mama aliyeivunja. Mwanamke aliyeniita mwendawazimu Jumatatu, Alhamisi ananitumia ujumbe: binti yangu amejifungua, una ya rangi ya maziwa? Ninayo. Huwa ninayo. Nampa, wala simkumbushi Jumatatu, ingawa mimi mwenyewe naikumbuka neno kwa neno.

Hiyo ndiyo shida yangu, kukumbuka neno kwa neno. Nikituma barua ya kuomba kazi, naisoma tena baada ya kuituma, nikitafuta koma iliyoniharibia maisha. Mtu akinisalimu kwa ufupi, siku nzima nahesabu nilichomkosea. Nilikuwa hivi tangu shule, lakini chuoni nilizidi. Chuo chenyewe kilikuwa bara, mahali pa ukungu na matope, na msichana niliyeishi naye chumba kimoja alikuwa mfumaji. Wiki ya mitihani alichoka kunisikia nikitaja kwa sauti ya chini mambo yote yanayoweza kwenda vibaya. Akanitia sindano mbili mkononi na donge la uzi wa kijani. "Hesabu hivi vitanzi," akasema, "uache kuhesabu hivyo vyako."

Nilihesabu. Sijui kama nilijifunza kitu kingine chuoni ambacho bado nakitumia kila siku. Kwenye sufu, kosa huliona kwa macho. Unafumua hadi lilipo, unarudia, limeisha, na hakuna mtu anayelihifadhi ili akutolee mwaka ujao.

Nilisomea ununuzi na ugavi. Nina cheti, nina joho nililopigwa nalo picha, nina barua nyingi za "tumepokea ombi lako." Nimejifunza jinsi taasisi zinavyonunua vitu, na nimegundua kwamba ninachokipenda ni kutonunua. Napenda kugeuza ukosi wa shati ili upande uliochakaa uingie ndani. Napenda kukusanya vipande vya sabuni, kuvisaga, kuvimwagia maji ya moto na kupata sabuni ya kufulia ya wiki nzima. Maji ya kuoshea mchele nayapeleka kwa pilipili zilizopandwa kwenye madumu ya mafuta yaliyokatwa. Uani kwetu kuna kibanda cha kuku chenye ukuta wa mabati ya mikebe iliyonyooshwa, mikebe iliyotoka kambi ya wakimbizi ya Ifo ikiwa imebeba mafuta ya msaada, na kuku wetu wanataga nyuma ya maandishi ya kigeni. Hivyo vyote vinanipa raha. Si umaskini, ingawa pesa hatuna nyingi. Hata tungekuwa nazo, ningesaga zile sabuni.

Nikisema hivyo, watu hawaniamini. Wanataka iwe kitu kingine. Mmoja ananiambia nifungue duka. Mwingine ananiambia nijipige video. Bwana mmoja wa mradi fulani alikuja na fomu, akataka niwe kikundi. Nilimwambia mimi ni mtu mmoja. Akasema watu kumi wanaweza kutafutwa. Nikalala naye kichwani, huyo bwana na watu wake kumi, nikijiuliza kama nimeikataa riziki, hadi alfajiri nikaamka nikiwa na hasira. Kijana wa mtaa wetu anacheza mpira kila jioni, hakuna anayemwambia asajili timu. Wazee wanacheza bao, hakuna anayewauliza faida. Mimi nikishika sindano lazima niwe mradi au niwe wa kuhurumiwa. Nimekataa vyote viwili.

Cherehani ninayoitumia ilikuwa ya ayeeyo, nyanya yangu mzaa baba. Ni ya kuzungushwa kwa mkono, nyeusi, rangi ya dhahabu imebaki mahali mahali tu. Tunamiliki vitu vichache vya zamani hivyo, kwa sababu ayeeyo alizaliwa katika maisha ya kuhama, na mtu wa kuhama hubeba kisichovunja mgongo wa ngamia. Cherehani aliinunua alipohamia mjini. Pamoja nayo aliacha sanduku la bati, lenye kofuli isiyofunga, ambamo hakuna kitu kilichowahi kuitwa taka. Vifungo vilikaa kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Kamba zilikunjwa nane nane.

Mabaki ya vitambaa huyapata sokoni kwa fundi mmoja mzee ambaye hushona sare za shule. Chini ya meza yake kuna gunia, na nina ruhusa ya kuingiza mkono. Hunitania kwa Kiswahili, makusudi, ili walimu na askari wa kutoka bara wanaosubiri suruali zao wasikie.

"Brofesa amefika! Bisheni njia. Brofesa wa fitambaa."

"Asalaam aleikum, mzee."

"Wa aleikum salaam. Digirii yako nasema nini leo? Chukua kijani ama chukua buluu?"

"Inasema nichukue vyote."

"Aaa. Hiyo ndio kusoma."

Simchukii hata kidogo. Yeye ndiye mtu pekee anayeniuliza maswali ya maana, kama vile kwa nini nimeacha nafasi kubwa hivi kati ya mishono.

Anayenipa shida ni eeddo. Ndivyo tunavyomwita shangazi, dada wa baba, na wangu ni dada mkubwa, mtoto wa kwanza wa ayeeyo. Tangu ayeeyo afariki, hakuna ndoa wala msiba wetu unaokwenda bila mkono wake. Baba yangu ni mfanyabiashara wa mifugo, nusu ya mwaka yuko Banissa, kwa hiyo nyumba yetu kwa kweli inaongozwa na wanawake watatu: hooyo, yaani mama yangu, eeddo, ambaye haishi kwetu lakini kiti chake kipo, na sauti ya ayeeyo ambayo wote wawili huinukuu ili kushindana. Eeddo huingia, huona sindano mkononi mwangu, na husema jambo lilelile.

"Wenzako wako ofisini."

"Natafuta, eeddo."

"Kwenye donge la uzi?"

Majibu yangu mazuri yote huja siku ya tatu.

Mwaka jana dada yangu mdogo aliposwa. Ni mdogo wangu kwa miaka miwili, kwa hiyo unaweza kujaza mwenyewe yale niliyoambiwa mimi. Mchumba wake anafanya kazi Masalani, na huko ndiko wangeishi, kwenye nyumba ya vyumba viwili na jiko la pembeni, si mbali na mto. Kwetu nyumba ya bibi harusi hutangulia kupambwa. Siku mbili kabla ya nikaha, wanawake wa upande wake hupakia vyombo, mazulia, magodoro ya kukalia na mapazia, huenda kupanga kila kitu, na bibi harusi akifika anaingia kwenye nyumba iliyokwisha kuitwa yake. Vitu huwa vipya. Huko ndiko fahari yetu ilipo. Eeddo aliagiza karibu vyote kutoka Nairobi: mapazia ya zambarau yenye pindo la dhahabu, mito yenye vishada, zulia ambalo ukilikanyaga unazama.

Mimi nilitaka kumshonea pazia moja. La mlango tu, kati ya uwanja na ndani, lile ambalo upepo hulivuta na kulirudisha mchana kutwa, lile unalolisukuma kwa bega ukiwa umebeba sinia. Nilitaka liwe la viraka, na kila kiraka kitoke nyumbani kwetu, ili akiwa Masalani peke yake alisukume kwa bega na kutukuta. Nilijua wangesema nini. Nilishona tu.

Miezi mitatu nilikusanya. Nilipata dera la hooyo la manjano, lililopasuka kwapani lakini upande wa mbele likiwa zima. Maawis ya baba, ile shuka ya mistari anayojifunga nyumbani, nilikata pembeni mwa mahali palipochomwa na kaa la moto. Nilichukua sketi yangu ya shule. Nilichukua hijabu ya madrasa ya dada mwenyewe, ndogo kama leso, yenye doa la wino. Nilivipanga sakafuni, nikavipangua, nikavipanga. Nilikaa siku mbili nikijiuliza kama maawis ya baba ikikaa chini ya dera la hooyo mtu atasema nimemdharau baba. Kisha nikajiuliza kama ikikaa juu mtu atasema nimemdharau hooyo. Niliviweka ubavu kwa ubavu.

Katikati palibaki tupu. Kila nilichojaribu kilipiga kelele. Nilihitaji kitu kitulivu. Siku hiyo hooyo alinituma kwenye sanduku la ayeeyo nitafute kifungo, na chini kabisa, chini ya kamba, nikakuta kitambaa cheupe cha pamba. Kilikuwa kimefuliwa hadi kimekuwa laini kama sikio la mwanambuzi. Upindo wake ulikuwa umeshonwa kwa mkono, kwa uzi wa buluu, mishono mikubwa ya mtu mwenye haraka. Mahali pamoja palikuwa na wingu la rangi ya chai, hafifu. Nilikipenda papo hapo. Nilikata kipande cha katikati, nikaacha upindo wa buluu uonekane upande mmoja kwa kuwa ulikuwa mzuri, na kilichobaki nikakikunja na kukirudisha. Sikumuuliza mtu. Mimi, ninayeuliza watu watatu kabla ya kutuma ujumbe wa "ahsante," hilo moja sikuuliza.

Pembeni nikazungushia lesi niliyofuma kwa krosheti, ya kijani, kutoka donge la chuoni.

Siku ya kupakia, lori dogo la kanta liliingizwa uani asubuhi. Wanawake sita au saba walikuwa wakipitisha vitu, wengine juu ya gari, wengine chini. Ndani, dada alikuwa amekalishwa apakwe hina, mikono na miguu. Eeddo alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma wa gari akikagua kila bunda kama mtu wa forodha. Nilitaka kulipitisha langu kati ya mazulia. Nilifika nalo hadi kwenye gurudumu.

"Hilo nini?"

"Pazia, eeddo. La mlango. Nimeshona mimi."

"Lete."

Akalifungua juu ya zulia. Wanawake wakainama. Eeddo akatazama, kisha akasema, "Naona umeshona wewe. Dukani hawawezi kukosea hivi," na wote wakacheka, hata mimi, kwa sababu sauti yake haikuwa mbaya. Akaanza kutambua vipande. Kidole chake kilitembea. Hili dera la mama yenu, alilivaa kwenye aqiqa yako. Hii maawis ya kaka yangu, nilimwambia asikae karibu na jiko. Alikuwa anaburudika. Niliona, na moyo wangu ulianza kupanda. Kisha kidole kikafika katikati, kwenye uzi wa buluu, kikasimama.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Kwenye sanduku la ayeeyo."

"Nani alikutuma ufungue sanduku?"

"Hooyo. Nilikuwa natafuta kifungo."

"Kifungo," akasema. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Upindo huu nimeushona mimi. Siku baba yetu alipozikwa. Hakukuwa na uzi mweupe nyumbani, nikatumia uliokuwapo. Nikamvika mama yangu kwa mikono hii, akakaa eda ndani ya hiki miezi minne na siku kumi."

Mmoja juu ya gari akasema astaghfirullah. Kwetu nguo nyeupe za eda zikishamaliza siku zake hutolewa, apewe mtu mwingine, hazirudi ndani. Mimi nilikuwa nimeikata moja na kuishona kwenye mlango wa bibi harusi.

"Unataka mdogo wako apite chini ya nguo ya mjane kila asubuhi?" eeddo akauliza. "Akiwa na mume kijana?"

"Sikujua, eeddo."

"Sasa umejua. Lete mkasi. Fumua."

Mkasi ulikuwa mfukoni mwangu. Huwa uko mfukoni mwangu. Nilifikiria yote mara moja. Nilimfikiria shemeji yangu, ambaye nimemwona mara mbili, akiugua homa. Nilifikiria nikinyooshewa vidole kwa miaka. Nilifikiria kwamba kweli nilikuwa nimekosa, kwamba shangazi yangu alikuwa ameona mchana kweupe kitambaa alichomvisha mama yake siku mbaya kuliko zote, kimekatwakatwa. Nilifikiria tundu litakalobaki katikati, na nini kingeweza kulijaza.

Dada alikuwa ametokea mlangoni, mikono ameinyoosha mbele, vidole vimeachana, hina mbichi imepanda hadi kwenye vifundo vya mikono. Alikuwa amesikia.

"Abaayo," akaniambia, dada, kwa sauti ya kuomba radhi. "Fumua tu. Tafadhali."

Kati ya yote yaliyosemwa siku hiyo, hilo ndilo lililoniuma. Pazia lilikuwa lake. Kama yeye hakulitaka, sikuwa na la kutetea. Hata hivyo nilisikia mdomo wangu ukisema, "Sifumui."

"Unasema?"

"Lisipokwenda, lisiende. Nitalitundika mlango wangu. Lakini kitambaa hakitoki." Mkasi niliuacha mfukoni. "Ayeeyo hakukitoa. Alijua desturi kuliko sisi, na hakukitoa. Alikiweka kwa nini?"

"Usinihoji kuhusu mama yangu."

"Hakukiweka," hooyo akasema.

Alikuwa jikoni, akatoka akipangusa mikono. Hooyo si msemaji mbele ya wifi yake. Miaka yote nimemwona akinyamaza na kufanya anachotaka baadaye.

"Hakukiweka, alikitumia. Ndicho alichokuwa akifunikia unga wa mikate ya anjera."

Eeddo akageuka.

"Kila jioni akishakoroga," hooyo akaendelea, "anakifunika juu ya bakuli uchachuke. Hilo doa ni la unga, unga ukifura unakigusa. Nilipoletwa nyumba hii nikiwa bibi harusi, nilikikuta kazini. Niliambiwa na majirani ni cha eda, nikaogopa, sikula siku mbili. Akaniuliza kwa nini sili. Nikamwambia. Akasema, eda imeisha, kitambaa hakijaisha. Akanipa anjera."

"Kila jioni?"

"Hadi aliposhindwa kusimama."

"Na mimi nilipokuwa nikija kula hapa…"

"Ulikula. Ukaomba ya pili."

Mwanamke mmoja juu ya gari alicheka, akajiziba mdomo kwa mtandio, akashindwa, akageukia mazulia. Hooyo hakucheka. "Na kaka yako, mume wa bibi harusi yule, mzima. Yuko Banissa sasa hivi anagombana na madalali."

Nilidhani yamekwisha. Simjui eeddo vizuri kama ninavyodhani. Alisimama pale, mkono kwenye uzi wa buluu, na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyegundua kwamba mama yake alikuwa na siri ambayo mke wa kaka anaijua. Kisha akajikusanya.

"Bakuli si mlango," akasema.

Na kwa desturi, alikuwa na hoja.

Dada ndiye aliyesogea. Alishuka ngazi moja, akaja hadi kwenye zulia kwa visigino, kwa kuwa miguu nayo ilikuwa na hina. Akalitazama pazia kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimemficha miezi mitatu. Aliiona hijabu yake ya madrasa. "Hili doa la wino," akasema. "Walinichapa kwa doa hili." Akapiga magoti, akaingiza viwiko chini ya pazia, akalikumbatia kifuani kwa viwiko, mikono hewani kama mtu anayesalimu amri, kisha mkono mmoja ukateleza.

"Hina!" nikapiga kelele. Nilisahau kila kitu, nikabaki mshonaji. "Hina yako, toa mkono!"

Alipolishusha, katikati ya kile cheupe palikuwa na alama. Upande wa kiganja, na kidole kidogo. Nyekundu inayokwenda kwenye kahawia. Nilirukia mtungi wa maji, nikajua njiani kwamba nakimbia bure. Hina kwenye pamba, tena pamba nyeupe iliyochakaa, haitoki.

Eeddo aliinama. Akaikwangua kwa ukucha. Akaangalia ukucha.

"Haitoki hii."

"Haitoki," nikasema. Nilikuwa karibu kulia kwa ajili ya kitambaa.

"Mjane hagusi hina," eeddo akasema polepole, akijisemea. Sote tunalijua hilo. Kwenye eda hakuna hina, hakuna wanja, hakuna udi. Akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya mtu anayefunga faili, "Basi hii si ya eda tena. Pakieni."

Likapakiwa. Alilikunja yeye mwenyewe, upande wa buluu ndani.

Tangu siku hiyo nimejiuliza kama dada alifanya makusudi. Nimemuuliza kwa simu mara nne. Mara ya kwanza alisema hapana. Mara ya pili alisema ndiyo. Sasa hucheka tu na kusema, "Wewe fikiria, ndiyo kazi yako."

Gari lilipokuwa tayari kuondoka, eeddo aliniita kwenye dirisha la mbele.

"Kazi unatafuta?"

"Natafuta."

"Tafuta. Na ukifungua sanduku la mtu, unauliza kwanza."

Hilo lilikuwa haki yake. "Nitauliza."

"Na ukiambiwa hapana?"

Kwa mara ya kwanza maishani jibu halikungoja siku ya tatu. "Nitauliza tena, eeddo."

Akapandisha kioo. Niliona mabega yake yakitikisika, na mpaka leo sijaamua kama alikuwa amekasirika.

Bado natafuta kazi. Bado nasoma barua zangu baada ya kuzituma. Bado naulizwa kuhusu ngamia. Nikipata ofisi, nitakwenda nayo sufu, na nitaifuma saa ya chakula cha mchana mbele ya kila mtu, na mwenye fomu ya vikundi aje aniulize tena.

Wiki chache baada ya harusi dada alinitumia video kutoka Masalani. Mapazia ya zambarau yalikuwa madirishani. Langu lilikuwa mlangoni, limejaa upepo kama shavu. Yeye alikuwa amechutama karibu na bakuli, anakoroga, na sauti yake ilikuwa na haya kidogo.

"Abaayo, anjera yangu haifuri. Nafunika kwa sinia. Kile cheupe, kilibaki kipande?"

Mtu kama mimi hawezi kuulizwa swali tamu kuliko hilo. Kilibaki. Safari hii nilikwenda kwanza kwa hooyo, nikauliza, akasema hata huko kuuliza kwako kumezidi, chukua. Nilikikata mviringo wa bakuli, nikakikunja upindo kwa mkono kwa uzi wa buluu, mishono mikubwa, ya mtu mwenye haraka, ingawa haraka sikuwa nayo.

Eeddo alikuwa akienda Masalani Jumamosi ile. Nilimpa bahasha. Hakuuliza ndani kuna nini. Aliibonyeza kwa vidole, akahisi ulaini wake, akaitia kwenye mkoba wake wa mkononi, si kwenye mzigo, akafunga zipu.